Nyumba ya Viti vya Buluu

Naanza kwa kuomba radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja, na kuna maneno ambayo mpaka leo sijui kama yanaanza na h au hayana. Shule niliishia la sita, na kalamu naishika kwa nadra. Ukurasa mmoja unaweza kunimalizia jioni nzima. Lakini dada anayetukusanya siku za Ijumaa amesema kila mmoja wetu aandike jambo la utotoni kwake, tusomeane sisi vijana wa rika moja. Kusema mbele za watu siwezi, midomo inakauka. Kwa hiyo naandika.

Juzi nilikwenda Muraqqabat, hapa hapa Dubai, kumchukulia bibi dawa zake za presha, nikapita mbele ya jengo letu la zamani. Nje kwenye kijia walikuwa wametupa vigae vyeupe vilivyovunjika, mabomba ya kutu, na juu ya rundo hilo safu ya viti vya buluu. Ni viti vya plastiki vilivyofungwa vyote kwenye chuma kimoja kirefu, kama vile vya kungojea daktari. Fundi mmoja aliniona nimevikodolea macho, akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, "Yalla, chukua, bure, khalas." Nikatikisa kichwa nikaondoka. Kabla sijafika kwenye taa za barabarani nilikuwa nimeshajuta, ingawa sijui ningeviweka wapi, maana chumba tunacholala mimi na bibi hakina nafasi hata ya kufungulia kabati.

Jengo lile limekuwa vitu vingi. Kwanza lilikuwa kliniki ya kujifungulia. Bibi yangu ndiye aliyekuwa akipiga deki, na mimi nilizaliwa humo, ghorofa ya pili. Daktari alipozeeka akafunga, akarudi kwao, na mwenye jengo akalipangisha kwa ofisi ya kuleta wafanyakazi wa ndani. Vitanda vya kliniki vikaenda, bibi akabaki, kama mabomba yalivyobaki. Wapangaji wapya walimkuta jikoni wakamwachia jikoni. Baadaye likawa bohari ya vioo vya simu na chaja, na sasa wanalifanya hoteli ndogo. Lakini mimi nikisema "nyumbani", moyoni naona miaka ile ya ofisi ya wafanyakazi, nilipokuwa na umri wa kuanza kung'oka meno.

Mama yangu aliolewa Maskati nikiwa bado nabebwa, akaniacha kwa bibi. Bibi ni mtu wa Unguja, wazee wake walihamia huku zamani, na ulimi wake haujabadilika hata kidogo. Tulilala pembeni mwa jiko, katika chumba kilichokuwa stoo ya dawa. Kuta zilikuwa na vigae mpaka mabegani pa mtu mzima, na kukinyesha zilitoa harufu ya dawa ya kuoshea vidonda, ingawa vidonda vyenyewe viliondoka zamani.

Ghorofani walilala wanawake waliotoka Tanzania, Kenya na Uganda, wanaongoja kupata nyumba za kufanyia kazi. Hawakungoja bure. Asubuhi gari lilishusha magunia ya mashuka ya mahoteli, wakayapiga pasi mpaka adhuhuri, mvuke ukijaa ngazi nzima. Mchana walioga, wakavaa sare, wakashuka kukaa kwenye viti vya buluu katika chumba cha mbele. Hapo ndipo mabibi wenye nyumba zao walipokuja kuwatazama. Wakichaguliwa, wanaondoka. Wasipochaguliwa, kesho tena pasi.

Mimi sikuelewa hivyo. Nilimuuliza bibi siku moja, "Wale wenye abaya wanakuja kufanya nini?"

"Wanakuja kuchukua watu."

"Kama zamani walivyokuja kuchukua watoto?"

"Kama zamani, ndiyo. Weye mwenyewe si nilikuchukua hapo juu, umezongwa taulo? Hebu nipishe, mchuzi utaungua."

Basi nikaelewa kwa akili yangu. Jengo letu ni mahali watu wanapokuja kuchukua mtoto. Zamani waliwachukua wakiwa wachanga, sasa wanawachukua wakiwa wakubwa, pengine kwa sababu wakubwa hawalii sana. Kila nilichokiona kilinithibitishia. Aliyechaguliwa alipigiwa vigelegele. Aliletewa nguo mpya. Na gari lilipokuja alipandishwa kiti cha nyuma, pale wanapokaa watoto. Nikawa nawaonea wivu.

Kulikuwa na desturi moja waliyoianzisha wao wenyewe. Aliyepata nyumba alisukwa kabla ya kuondoka. Huko aendako hapatakuwa na mtu wa kumsuka, wala siku ya kukaa chini, kwa hiyo walimsuka mistari myembamba, imekazwa hasa, ili ikae miezi. Waliita nywele za kwenda. Harufu ya mafuta ya nazi ikitoka chumba cha ghorofani, hata bibi jikoni alijua. "Kashapata mmoja," alikuwa akisema, kisha akapunguza kikombe kimoja cha mchele.

Dada Neema hakupunguziwa mchele muda mrefu. Alitoka Mpwapwa, mrefu, ana mwanya, na anacheka mpaka anajishika ukuta. Godoro lake lilikuwa upande wa pili wa ubao uliotenga chumba chetu, maana ghorofani palikuwa pamejaa. Alfajiri alikuwa akigonga ubao taratibu.

"Hodi, jirani."

"Karibu, jirani."

"Umeamkaje? Watoto hawajambo? Ng'ombe je?"

Nami nilikuwa nikimjibu kwamba ng'ombe hawajambo ila mmoja ana mafua, na bibi alikuwa akisonya chini ya shuka lake. Hakuna mtu mkubwa aliyewahi kunifanyia mzaha wa namna ile. Mimi ni mtu wa kujificha nyuma ya milango. Kwa Neema nilitoka.

Yeye alikuwa na mtoto, Barnaba, rika langu. Alipomtaja alinyanyua mkono kuonyesha amefika wapi, kiganja kimesimama, vidole vinatazama juu. Kwao mtu hapimwi kwa kiganja kilicholala, huko ni kupima mbuzi, na mtoto anaweza kudumaa. Alinisimamisha karibu na mkono huo akasema, "Mmelingana. Labda yeye kichwa kikubwa zaidi."

Tatizo lake lilikuwa hilo hilo la Barnaba. Kila madam aliyekaribia alimuuliza kwa maneno mafupi ya hapa, "Fi beibi?" Una mtoto? Wanawake wote walifundishwa wajibu "Mafi", hakuna, kwa sababu mwenye mtoto wanamwogopa, wanasema atalia na atataka kurudi. Neema alikuwa akijibu, "Fi, madam! Fi!" huku uso umemwangaza, kisha anainua mkono wake uliosimama kuonyesha urefu wa Barnaba. Madam mmoja alirudi nyuma hatua nzima, akidhani ameambiwa asimame hapo hapo, asisogee.

Akinyi, Mkenya aliyekaa mezani pale ofisini, alishika kichwa. "Neema! Umemsimamisha madam wa watu kama trafiki!"

Wanawake wakaangua kicheko, na Neema naye akacheka, lakini safari hiyo hakujishika ukuta.

Siku nyingine niliwasikia jikoni, nikiwa chini ya meza nachambua mchele. Akinyi alikuja kuchukua chai yake akamkuta Neema anaosha masufuria.

"Dada yangu, nisikize. Bosi amesema. Idi ikipita kama hujapata, unarudishwa. Si mimi nimeamua."

"Nikirudi nitakwenda wapi, Akinyi? Barnaba yuko kwa shemeji. Ameshaniambia usoni, nisipotuma kitu atamtoa mtoto nje, akalale anapojua."

"Basi sema mafi. Neno moja tu, maze. Halafu khalas, unatuma, mtoto anakula."

"Nimemzaa kwa uchungu siku mbili. Nitasemaje hayupo?"

"Wewe sema. Mungu atakuelewa. Ni madam ndiye haelewi."

Bibi, ambaye alijifanya hasikii, akagonga mwiko kwenye sufuria. "Mwache mwenziwo, Akinyi. Na weye Neema, hilo sufuria utalitoboa, lishasafika."

Nilichokishika mimi chini ya meza ni kimoja tu. Neema anarudishwa kwa sababu hajapata mtu wa kumchukua, na mimi pia sijapata. Tuko sawa. Na kama watu wanauliza "Fi beibi?", si ina maana wanataka na mtoto? Kwa nini tusikae pamoja, mimi na yeye, watuchukue wote?

Siku chache kabla ya Idi nilivaa gauni langu la Idi iliyopita, lililokuwa limenibana kwapani, nikajipaka mafuta miguuni, nikachana nywele kwa maji. Nikaenda chumba cha mbele, nikakaa kiti cha mwisho cha buluu, ubavuni mwa Neema.

Akinyi akaniona. "Na huyu ametumwa na nani?"

"Nangoja," nikasema.

Wanawake wakacheka. "Eh, nyabo amependeza!" alisema Mganda mmoja, na nyabo kwao ni kama kusema bibie. "Leo tumekwisha, atapata yeye."

"Mwacheni jirani yangu," Neema akasema. "Labda atanipa bahati."

Akinyi alinyanyuka aje kunitoa, lakini mlango ukafunguliwa, akaingia madam mmoja mwenye mimba kubwa, harufu ya udi ikamtangulia, na nyuma yake watoto wawili wameikodolea macho simu moja. Akinyi akarudi kwenye meza yake haraka, akapaka tabasamu. Mimi nikabaki.

Yule madam hakuzunguka sana. Alipita mbele ya wote akasimama kwa Neema. Akamtazama mikono, mabega, akamuuliza jina. Neema akajibu kwa heshima. Madam akageuka kumwambia Akinyi neno, Akinyi akaitika kwa furaha, nikajua jambo linakwenda vizuri. Hapo nikaushika mkono wa Neema. Ulikuwa na unyevu, na mikunjo ya vidole imekauka kwa sabuni. Aliubana wangu.

Kisha madam akauliza, "Fi beibi?"

Neema akainua macho. Akinyi alikuwa amemkazia macho kutoka mezani. Juu feni ilikuwa ikikwaruza. Madam akatazama mikono yetu iliyoshikana, akaninyooshea kidole. "Hadha?" Huyu?

Mimi niliketi wima. Nilijua sasa atasema ndiyo.

Neema alinitazama. Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka uso wake wa wakati ule na siwezi, nakumbuka mwanya tu, kwa sababu mdomo ulikuwa umefunguka kabla sauti haijaja. Akautoa mkono wake katika wangu, akauficha chini ya mkono wake mwingine, mapajani.

"Mafi," akasema. "Mafi beibi, madam."

Viti vile, nimeshasema, vimefungwa kwenye chuma kimoja. Mmoja akijikuna, wote mnajua. Nilisikia chuma kinatetemeka chini yangu, kidogo kidogo, bila kukoma. Nikadhani Neema anacheka. Nikadhani anacheka kimya kimya kwa furaha ya kuchukuliwa peke yake, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa namharibia siku zote.

Vigelegele vilipoanza nilikuwa nimeshakimbilia jikoni.

Gari lilikuwa lije baada ya alasiri, kwa hiyo walimsuka papo hapo, wawili kwa pamoja, mmoja kila upande. Bibi alinikuta nyuma ya gunia la mchele. Alinifuta pua kwa upindo wa kanga yake akasema, "Nenda kamuage mwenziwo. Mtu akisafiri huagwa."

Nikapanda. Neema alikuwa sakafuni, kichwa kimelazwa gotini kwa msusi, machozi yanamtiririka mpaka sikioni. Wenzake walidhani ni nywele. "Vumilia, dada, tumekaza ili zikae," wakawa wanamwambia, na mmoja akamtania kwamba mtu mrefu hivyo analilia kichana. Aliponiona mlangoni alitaka kusema kitu. Mwisho akasema, "Njoo, jirani. Nipulizie."

Mtoto yeyote wa kike anajua kazi hiyo. Kichwa kikiwaka moto baada ya kusukwa, unapuliziwa kwenye mistari. Nikapiga magoti, nikampulizia mstari mmoja mmoja, kutoka kipajini kwenda kisogoni. Ngozi ya kichwa chake ilikuwa nyekundu na inang'aa kwa mafuta. Nilipuliza kwa bidii zote nilizokuwa nazo, huku nikifikiri, hanitaki, lakini kichwa kinamuuma. Aliendelea kulia. Gari likapiga honi, wakamfunga kilemba, akashuka. Alikaa kiti cha nyuma, kati ya wale watoto wawili. Jioni ile bibi alipima mchele, akarudisha kikombe kimoja guniani.

Baada ya hapo sikukaa tena kwenye viti vile. Alfajiri nilikuwa nikiutazama ule ubao. Alilala mwanamke mwingine upande wa pili, mtu mwema tu, lakini hakuwa na ng'ombe.

Ukaja mwaka ule wa barakoa, ofisi ikafungwa, wanawake wakatawanywa, jengo likajazwa maboksi ya vioo vya simu. Bibi akabaki tena, safari hii kufagia na kuwachemshia chai wenye bohari. Mimi nilikuwa la sita, mwaka wangu wa mwisho shule, ingawa sikujua kama ni wa mwisho. Siku moja nilirudi nikamkuta bibi anamenya vitunguu, na bila kuinua kichwa akasema, "Yule jirani yako alikuja leo."

Nilijua ni nani kabla hajamaliza.

Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Dereva wa madam wake alikuwa akimpeleka uwanja wa ndege, na Neema alimwomba apitie Muraqqabat dakika chache tu. Aliingia katika kile chumba cha mbele, akasimama katikati ya maboksi, akauliza, "Jirani yangu yuko wapi?" Bibi akamwambia niko shule. Akangoja kidogo. Dereva akaanza kupiga honi.

"Akasema nikupe maneno," bibi alisema. "Akasema, 'Mwambie siku ile sikumkana yeye. Nilimkana mwanangu.' Analia, maskini, na mkoba wake begani. Nami nikamtuliza. N'kamwambia, 'Hayo ya zamani, mwanangu. Mtoto kashasahau.'"

"Bibi!"

"Nini? Si umesahau? Hujamtaja hata siku moja."

Kweli sikumtaja. Mimi si mtu wa kutaja. Bibi alifanya wema wake, alimwona mtu ana mzigo akamtua, na mimi sina la kumlaumu. Lakini nilikaa pale jikoni macho yananiwasha, bibi akidhani ni vitunguu, na ndipo chuma kile kilipotetemeka tena chini yangu, na safari hii nikajua si kicheko. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimebeba neno ambalo halikuwa langu. Siku ambayo mwenyewe alikuja kunitua, nilikuwa darasani nanakili ubaoni kitu ambacho hata sikikumbuki. Na yeye alipanda ndege akiamini kwamba nimemsahau.

Hakuacha namba. Bibi hatumii simu, na Neema hakudhani kwamba kuna mtu wa kumtafuta.

Wenye hoteli hawakumchukua bibi. Walisema watu wao wana sare na wanajua kompyuta. Bibi alicheka, akasema yeye alikuwa humo kabla ya vigae, na akatoka na mwiko wake mmoja. Tunakaa chumba cha kugawana, mitaa miwili kutoka pale. Wageni watakuja na masanduku yao, watalala ghorofa ya pili nilipozaliwa, watakunywa kahawa kwenye chumba kile cha mbele, na itakuwa hoteli nzuri tu, sina ubaya nayo.

Nawaomba ninyi mnaosoma, kama mama yako au dada yako aliwahi kungojea katika nyumba kama ile, niandikie kupitia kwa dada wa Ijumaa. Nasoma polepole, na kujibu nitachelewa, ila nitajibu.

Na wewe Barnaba wa Mpwapwa, ambaye sasa una umri kama wangu, kama karatasi hii itakufikia kwa njia yoyote, sikiliza. Inawezekana umeshasikia kwa watu kwamba mama yako aliulizwa Dubai kama ana mtoto, akasema hana. Ni kweli, alisema. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Madam wote waliotangulia aliwaambia upo, mpaka ikabakia wiki moja arudishwe nawe utolewe nje. Usimhesabie vibaya. Niandikie uniambie anaendeleaje, na umwambie, tafadhali, kwamba bibi alikosea. Jirani yake hajamsahau.